Madaftari mawili ya Mama Mkubwa: kisa cha stoo ya dagaa Kibirizi

Wiki ya mwisho ya Agosti 2024, giza lilipoanza kurudi ziwani, ufuko wa Kibirizi ulijaa wanunuzi ambao sikuwahi kuwaona. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefunguliwa tarehe 15 ya mwezi huo baada ya kupumzishwa miezi mitatu, lakini siku nne tu baadaye mwezi ukawa mpevu, na kila aliyekulia Kigoma anajua kwamba dagaa hawaifuati taa ya mvuvi wakati mbalamwezi imelimulika ziwa zima. Kiu ya miezi mitatu ikaongezewa siku nyingine nyingi za kusubiri. Watu walikuwa wametoka Dar es Salaam, Tabora na Kahama na fedha mkononi, wanaingia majini mpaka magotini ili wawawahi waanikaji kabla boti haijagusa mchanga.

Asubuhi moja boti ya kijiji cha Mwamgongo ilishusha magunia saba ya dagaa wakavu. Wanawake waliokuja nayo walitajiwa bei palepale, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwetu. Waliisikiliza, wakashukuru, wakawaita vijana wa mikokoteni, na magunia sita yakaja moja kwa moja kwenye stoo ya mama yangu mkubwa. Hakuwa amewapa malipo ya awali ya mzigo huo hata shilingi. Gunia la saba lilichukuliwa na mnunuzi wa Kahama. Kutofika kwa gunia hilo ni kosa langu mimi, na bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Nilikuwa karani wa stoo ile tangu 2021. Mama Mkubwa alinichukua nilipomaliza diploma ya biashara, nami nilikwenda nikiamini kwamba kazi yangu ni kumpangia hesabu mzee aliyezoea kuuza kwa mazoea. Hesabu zake zilikuwa safi. Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba alikuwa na madaftari mawili, na kwamba hakuna mstari uliowahi kuhamishwa kutoka moja kwenda jingine.

Kilichomo ndani ya gunia

Asiye wa kazi hii anaweza kushangaa kwa nini undugu wa watu uwe na uzito hivyo kwenye bidhaa inayopimwa kwa mizani. Ni kwa sababu mizani haisemi mengi kuhusu dagaa. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hukauka zikabaki kilo moja, na katika kukauka huko ndimo ubora unapopatikana au kupotea. Wakianikwa kwenye chanja ya waya, jua likiwa kali, wanakauka ndani ya siku moja, wanang'aa, hawana mchanga. Wakimwagwa chini wanakauka pia, ila wanabeba mchanga, na mchanga nao unalipiwa kwenye mizani. Wakinyeshewa kisha wakaanikwa upya, kwa macho wanaweza kupita. Ni baada ya wiki mbili kwenye ghala la mteja ndipo wanapoanza kubadilika rangi na kutoa harufu. Gunia likishashonwa mdomo, anayejua historia ya dagaa waliomo ni mwanamke aliyewaanika. Mnunuzi anatazama juu, anazamisha mkono katikati, basi.

Mama Mkubwa naye ana mteja Dar es Salaam anayetuma fedha kwa simu kabla hajauona mzigo. Kwa hiyo neno la mwanikaji wa Mwamgongo linapanda boti mpaka Kibirizi, linapanda basi mpaka Dar, linaishia kwenye kibanda ambako mteja anauliza kama hawa wana mchanga au hawana. Neno hilo likiwa la uongo, hasara inamwangukia kila aliyelipokea njiani, na aliyelitoa yuko kijijini, fedha yake ameshakula. Wafanyabiashara wetu huita makubaliano ya namna hii mali kauli: unachukua mali, unaacha kauli. Nimesoma somo zima la mikopo na dhamana chuoni na sikukutana na jina linaloeleza jambo hili vizuri kuliko hilo.

Mei: kulaza madeni

Kufungwa kwa ziwa hakukuja kwa kushtukiza. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, kwa kuwa mavuno yalikuwa yakishuka mwaka hadi mwaka. Wavuvi wamekuwa wengi, nyavu zimekuwa za macho madogo, na maji ya juu yanazidi kupata joto, hali inayozuia rutuba ya vilindini isipande kuwalisha viumbe wadogo ambao ndio chakula cha dagaa. Tarehe zikatangazwa: 15 Mei hadi 15 Agosti.

Giza la mwanzoni mwa Mei, la mwisho kabla ya kufunga, ufukweni kulikuwa na kelele za kudaiana tu. Kila aliyekopesha alitaka chake kabla mitumbwi haijavutwa nchi kavu. Siwalaumu. Mtu akijua mdaiwa wake atakaa miezi mitatu bila kipato, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye simu.

Sisi tulikuwa na waanikaji kumi na mmoja wenye madeni, jumla yake shilingi 2,300,000, nyingi zikiwa fedha za waya wa chanja na za kununulia dagaa wabichi kwa wavuvi. Nilikuwa nimeshaandaa orodha ya kudai, nimeipanga kuanzia deni kubwa. Mama Mkubwa akaitazama, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake. Akaniambia nikatafute boti.

Mwamgongo iko kaskazini, ukishaipita Gombe. Alikaa nao chini ya mwembe, mimi nikiwa mwandishi. Akawaambia kwamba kuanzia siku ile hakopeshi tena mpaka ziwa lifunguliwe, kwa kuwa fedha isiyo na kazi ya kufanya italiwa, na aliyeila atakuwa anapita njia ya nyuma kila akimwona. Halafu akasema, "Madeni mliyonayo yamelala na ziwa. Ziwa likiamka, nayo yataamka yakiwa vilevile yalivyolala." Mmoja akauliza kama hatadaiwa hata kwa simu. Akajibu, "Hata kwa simu."

Nilifikiri mkutano umekwisha. Kumbe ndio ulikuwa unaanza. Alimwita mmoja mmoja pembeni akamwuliza atakula nini Julai. Hakuuliza juu juu. Aliuliza shamba liko wapi, lina muhogo wa umri gani, mume amekwenda wapi, nani anasoma, nani anaumwa. Nikaambiwa niandike kwenye daftari la pili, lile lenye jalada la bluu lililochanika pembeni.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari jekundu la madeni nililifahamu mstari kwa mstari. Hili la bluu nilikuwa nimeliona likitoka mkobani mara kwa mara nikadhani ni la kanisani au la kikoba. Ndani yake kulikuwa na watu: watoto na madarasa yao, mtu aliyefiwa na tarehe ya arobaini, mwanikaji ambaye mgongo wake haumruhusu kuinama muda mrefu hivyo chanja yake iinuliwe, mwingine ambaye mume wake hapendi apigiwe simu usiku. Hakuna tarakimu za fedha humo. Hata bei ya khanga aliyomnunulia mtu haikuandikwa.

Siku ile chini ya mwembe ilionekana kwamba wanne wana muhogo uliokomaa mlimani. Chanja zao zingekaa bure miezi mitatu ya kiangazi, jua likiwa kali. Mama Mkubwa akawaambia wazioshe kwa majivu na maji mengi, watandike turubai juu, wakaushe muhogo. Yeye atautafutia soko Kibirizi na Mwandiga kwa bei ya sokoni. Turubai mbili aliwapa. Wawili walikuwa na ndugu Kasulu na walipanga kwenda kuvuna maharage. Wengine walikuwa na mipango ambayo haikutuhusu. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi saba, mume wake ni kibarua wa mtumbwi ambao ulikuwa unakwenda kuvutwa nchi kavu. Huyu hakuulizwa habari ya kazi kabisa. Aliulizwa kama nyumba yake ina kadi ya CHF, yaani bima ya afya ya jamii. Haikuwa nayo. Mchango wa CHF iliyoboreshwa wakati huo ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na Mama Mkubwa alizilipia kaya nne, ikiwamo hiyo.

Tukiwa njiani kurudi nilimshauri tuziandike zile 120,000 kwenye daftari jekundu, hata kama hatutatoza faida. Alinijibu bila kunigeukia, macho yako ziwani: "Nikiandika huko, watanilipa. Wakinilipa, basi sikuwapa."

Juni: nilipokwenda msibani

Kati ya waanikaji wale kumi na mmoja kulikuwa na dada mmoja ambaye dagaa wake tulikuwa hatuwakagui. Magunia yake tuliyapakia kama yalivyo. Katikati ya Juni mama yake mzazi alifariki. Mama Mkubwa alikuwa na mguu uliovimba hawezi kupanda boti, akanipa shilingi 50,000 za rambirambi akaniambia niende, nilale, nirudi.

Neno "nilale" lilikuwa na maana yake. Boti za kaskazini huondoka Kibirizi mchana na kurudi alfajiri, kwa hiyo anayekwenda kuzika Mwamgongo ametoa usiku wake, na wafiwa wanalijua hilo. Mimi niliona nauli. Nilijiambia kwamba safari ni moja, kazi zinaweza kuwa mbili.

Jioni baada ya mazishi nilimwita yule dada pembeni. Nikampa bahasha, nikampa pole. Kisha, kwa sauti ya chini na kwa upole kabisa, nikamkumbusha ile 180,000, kwamba isije ikasahaulika ziwa likifunguliwa. Sikudai. Nilikumbusha tu. Alinitazama kidogo akasema, "Sawa, kaka," akarudi ndani kwa wenzake. Nikalala kwenye jamvi la wanaume nikiwa na amani moyoni.

Siku ya nne baadaye fedha yote iliingia kwenye simu ya Mama Mkubwa. Nilimpelekea simu kwa furaha. Hakufurahi. Aliuliza, "Kaipata wapi?" Nikasema sijui. Akauliza tena, "Wewe ulimwambia nini kule?" Nikamweleza neno kwa neno, kwa kuwa bado nilikuwa sioni tatizo.

Alikaa kimya muda mrefu. Baadaye ndipo tulipojua kwamba yule dada aliuza waya wa chanja zake zote mbili ili alipe.

Watu wetu wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nililichukua deni nikalipeleka matangani kwa miguu yangu. Lakini nikitazama leo, hilo silo lililokuwa baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba niliibadili ile 50,000. Ilipotoka mkononi mwa Mama Mkubwa ilikuwa rambirambi; ilipofika kwa mfiwa, pamoja na maneno yangu, ilikuwa gharama ya kumfikia mdaiwa. Na haikuishia kwake. Wanawake wale ni majirani, wanateka maji pamoja. Kabla ya mwisho wa mwezi wengine wawili walituma fedha ambazo hazikuwa zimefika wakati wake. Yale maneno ya chini ya mwembe, kwamba deni limelala, yalikuwa yamepata ufa, na kila ambacho Mama Mkubwa alikuwa amewafanyia kwa miaka mingi kingeweza sasa kusomwa upya: kumbe khanga ile ilikuwa ya kututega, kumbe zile simu zilikuwa za kutuchunguza.

Mguu ukiwa bado umevimba, Mama Mkubwa alipanda boti pamoja nami. Akalala Mwamgongo siku mbili. Hakuanza na mimi. Alimwambia yule dada, "Kijana huyu nilimtuma mimi. Aliyekukosea ni mimi." Kisha akaniacha niseme la kwangu, nami nikaomba radhi mbele ya shangazi zake wawili. Akajibu, "Yamekwisha, kaka." Ilikuwa adabu. Sote watatu tulijua hayajaisha.

Nilitegemea atamrudishia ile 180,000 ili anunue waya mwingine. Hakuirudisha. Nilipomwuliza alisema kwamba yule ni mtu mzima aliyelipa deni lake, na kumrudishia ni sawa na kumwambia malipo yake hayakuwa na thamani. Jambo hili nimelifikiria sana kuliko mengine yote ya kisa hiki. Wengi tunapotaka kurekebisha tulichoharibu tunakimbilia fedha, kwa sababu fedha ndiyo iliyo karibu nasi. Yeye alikuwa akilinda heshima ya mtu hata pale ambapo heshima hiyo ilikuwa inamwondolea mwanikaji wake bora.

Na ilimwondolea. Julai wakala wa yule mnunuzi wa Kahama alipita vijijini akigawa waya wa chanja kwa makubaliano kwamba mzigo wa kwanza utakuwa wake. Dada akachukua. Ndiyo maana gunia la saba, asubuhi ile ya Agosti, lilikwenda upande wa pili wa ufuko.

Mteja wa Dar na nahodha wa Katonga

Nisingependa msomaji adhani kwamba Mama Mkubwa alipata faida kila alipokuwa mwema. Mteja wa Dar es Salaam aliambiwa mapema kabisa, Aprili, kwamba kutakuwa na miezi mitatu bila dagaa. Juni akapiga simu kuuliza kama hakuna wanaopatikana kwa njia za panya. Walikuwapo watu waliokuwa wakiiba usiku, na bei yake ilikuwa kubwa. Mama Mkubwa alikataa, akamwambia waanikaji wake wamekaa njaa ili ziwa lipumzike, hawezi kumlipa anayewaibia. Kisha akafanya kitu ambacho mimi nilikipinga waziwazi: alimpa namba ya mfanyabiashara wa dagaa wa Mwanza, ili duka lisikae tupu.

Mteja alirudi Septemba, lakini akawa anaagiza nusu. Wateja wake walikuwa wameshazoea dagaa wa bei nafuu. Mpaka naandika haya hajarudi kwenye kiwango cha zamani. Kuhusu magendo nadhani Mama Mkubwa alikuwa sahihi, na ningefanya vivyo hivyo. Kuhusu namba ile, mimi nisingeitoa. Yeye anasema mtu aliyekulisha miaka tisa humwachi rafu tupu eti kwa kuwa wewe huna mzigo.

Nahodha kijana wa Katonga ni habari nyingine. Alikuwa amekopa 600,000 za taa za sola na betri. Ziwa lilipofungwa, naye deni lake likalazwa kama ya wengine, lakini lilipofunguliwa hakuonekana. Alikuwa amehamia vijiji vya kusini. Mama Mkubwa alimfuatilia bila kuchoka: alikwenda kwa kaka yake mkubwa, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaweka makubaliano kwa maandishi. Oktoba mke wa nahodha yule alijifungua. Jumatatu Mama Mkubwa alituma khanga, sukari na sabuni ya mtoto. Alhamisi ya wiki hiyohiyo akampigia kaka mtu kuuliza rejesho la mwezi liko wapi.

Kwangu mambo hayo mawili yalikuwa yanapingana. Kwake hayakuwa na uhusiano. Mtoto aliyezaliwa yuko kwenye daftari la bluu, deni liko kwenye jekundu. Nimewaona wafanyabiashara wema wakifilisika kwa sababu ya kuyachanganya haya: wanasamehe madeni wakidhani ndio utu, kisha wanaanza kuwachukia waliowasamehe. Na nimewaona wakali wanaohudhuria kila msiba, bahasha mkononi, na hakuna anayewapenda, kwa sababu kila mtu anajua bahasha ile itadaiwa siku moja. Kufikia mwanzoni mwa 2025 nahodha alikuwa amelipa 350,000. Iliyobaki bado anadaiwa, na bado anaulizwa hali ya mtoto.

Novemba, mvua

Dada mjamzito wa chini ya mwembe alijifungua salama Julai. Novemba, mvua zikiwa zimekolea, alipiga simu saa tatu usiku. Magunia mawili yake yalikuwa stoo, tumeshayapima, tumeshamlipa, yanasubiri basi la alfajiri. Akasema, "Mama, mzigo wa jana usiupeleke. Nilikuwa kliniki na mtoto, ukanyeshewa. Mdogo wangu akaanika tena akashona bila kuniambia."

Tuliyafungua kwa tochi. Gunia moja lilikuwa zima. La pili, ukizamisha mkono mpaka chini kabisa, kulikuwa na unyevu na ile harufu inayoanza. Lingefika Dar, mteja aliyebaki nusu angeondoka kabisa. Tuliliuza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na hasara yake Mama Mkubwa na yule dada waligawana.

Hakuna kilichomlazimisha kupiga simu ile. Fedha alikuwa nayo. Nilipopata nafasi nilimwuliza kwa nini, nikitegemea atataja kadi ya CHF au kliniki. Hakuitaja. Alisema Mama humpigia hata asipokuwa na dagaa, kumuuliza tu mtoto amelalaje, sasa angemdanganyaje mtu wa namna hiyo? Nilikuwa nimewahi kulalamikia vocha zinazokwenda kwenye simu hizo. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mbili tatu, hakuna neno la mzigo, wala bei, wala "nitegemee lini". Miezi ile mitatu ziwa limefungwa, Ijumaa hazikukoma. Naamini hapo ndipo uzito wote ulipo. Kujaliwa wakati mzigo unatoka, kila mnunuzi anaweza, maana anajali gunia. Wale wanawake walikuwa wamepigiwa simu na mtu ambaye hakuwa na cha kuchukua kwao, wiki kumi na tatu mfululizo, na walizihesabu.

Siku ileile ya mvua, yule dada wa gunia la saba naye alikuwa na mzigo ulionyeshewa. Aliniambia mwenyewe baadaye, bila kuficha na bila kujisifu. Aliwaanika upya, akashona, akampelekea mnunuzi wa Kahama. Mwanamke huyu ndiye tuliyekuwa hatumkagui. Nilipomwuliza ilikuwaje akasema hakuna aliyemwuliza, na waya ule ulikuwa na mwenyewe.

Njia ya kurudi

Arobaini ya mama yake iliangukia mwishoni mwa Julai. Nilikwenda, kwa nauli yangu, sikubeba chochote isipokuwa kilo mbili za sukari. Nilipewa chakula pamoja na watu wengine. Hatukuzungumza zaidi ya salamu. Nilikwenda tena Oktoba, kisha Desemba. Mama Mkubwa hakunituma na hakunizuia. Alikuwa ananiuliza tu nikirudi kama shangazi yule mwenye shida ya macho amepata miwani.

Mwishoni mwa Desemba dada alileta nusu gunia. Nililifungua ili nilikague, kwa kuwa nilidhani baada ya yote yaliyotokea ndiyo haki. Mama Mkubwa akanishika mkono. Tukalipima likiwa limefungwa.

Machi 2025 alikuja mwenyewe Kibirizi. Waya wa mnunuzi wa Kahama alikuwa amemaliza kuulipia. Alitaka kukopa 120,000 aongeze chanja ya tatu, akaniambia mimi nimwandikie kwenye lile jekundu, na akasimama pembeni yangu akitazama tarakimu mpaka nilipomaliza. Halafu akauliza kama lile jingine bado lipo. Binti yake alikuwa ameanza darasa la kwanza Januari, na siku ile ya mwembe alikuwa ameona nimeliandika jina la mtoto vibaya, akanyamaza kwa kuwa wakati ule hakuona sababu ya kunisahihisha.

Nilifungua ukurasa wake. Herufi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Akanitajia jina polepole, nikaandika upya.